Sura ya Saba: Namba ya Kwenye Boksi

Sekunde chache za kwanza za kuandika ndizo bora kabisa kwa SSD ya nje, na ndizo zinazotangazwa kwenye boksi. Chukua Samsung T7, iliyoingia sokoni mwaka 2020 na ambayo hukosi kuiona kwenye makabati ya vioo ya Kariakoo au ya Luthuli Avenue, Nairobi. Boksi linasema inasoma MB 1,050 kwa sekunde na kuandika MB 1,000. Si uongo. Ukiipima kwa masharti ya mtengenezaji utazipata namba hizo. Ila hakuna anayetoa fedha zake kununua diski ya TB 1 ili aiandikie kwa sekunde kumi.

Anayeinunua ni mpiga video wa harusi, kwa mfano. Sendofu Ijumaa, harusi Jumamosi, kamera mbili ukumbini na moja ya kuzunguka na maharusi. Usiku wa manane laptopu ina GB 300 za video, na anayeediti anazitaka kesho asubuhi. Kwa namba ya kwenye boksi, GB 300 ni kazi ya dakika tano. Kwa diski hiyohiyo iliyochomekwa kwa waya wa kuchajia simu, ni saa mbili na dakika tano. Kwa diski nyingine yenye umbo lilelile, bei nafuu kidogo na namba zinazokaribiana kwenye boksi, inaweza kuwa dakika 43, ambapo mbili za kwanza zinakwenda mbio na zilizobaki zinajikokota. Hesabu hizi zimetoka wapi utaona mbele. Jambo la kushika ni kwamba diski haina kasi moja. Kasi yake hubadilika kadiri kazi inavyoendelea, na kipimo cha maana ni kile kinachoifuata kazi yako mpaka mwisho.

Kabla ya kuilaumu diski, pima njia inayofika kwenye diski. USB 2.0 ilitoka mwaka 2000 ikiwa na megabiti 480 kwa sekunde. Gawa kwa nane upate MB 60, kisha toa zinazoliwa na mawasiliano ya vifaa vyenyewe, na kinachokufikia ni kama MB 40. USB 3.0 ya mwaka 2008 ilifika gigabiti 5. Hapo kila biti nane za data husafirishwa kama biti kumi, kwa hiyo dari ni MB 500, na kwa vitendo ni MB 400 na kitu. Kizazi kilichofuata, cha gigabiti 10, hufunga mzigo wake bila ubadhirifu wa namna hiyo, biti 128 ndani ya 132, na dari yake inapita MB 1,200 kidogo. Ukiondoa gharama zilezile za mawasiliano unabaki na MB 1,050 hivi.

Itazame tena namba hiyo. MB 1,050 imeandikwa kwenye boksi la T7, la Crucial X8, la Crucial X9 Pro na la SanDisk Extreme. Kampuni tofauti, chipu tofauti, bei tofauti, namba ileile. Kilichotangazwa pale ni dari ya USB ya gigabiti 10, na diski zote nne zinaweza kuigusa dari hiyo kwa muda mfupi. Kuhusu tofauti baina yao, ambayo ndiyo mnunuzi anayoitafuta, namba haisemi lolote.

Majina ya USB nayo yamevurugwa mpaka muuzaji mwenyewe hajui anauza nini. USB 3.0, USB 3.1 Gen 1 na USB 3.2 Gen 1 ni kitu kimoja, gigabiti 5. Mwaka 2022 chama kinachosimamia viwango hivyo, USB-IF, kiliamua vifaa vitambulishwe kwa kasi yake tu: USB 10Gbps, USB 20Gbps na kadhalika. Uamuzi mzuri, umechelewa. Umbo la USB-C nalo halikuhakikishii chochote. iPhone 15 Pro ya mwaka 2023 ina tundu la gigabiti 10, lakini waya uliomo ndani ya boksi lake ni wa USB 2. Kwa macho, waya ule na waya wa kasi hazitofautiani.

Kwenye Linux kuna amri fupi inayomaliza ubishi: lsusb -t. Inachora mti wa vifaa vyote vya USB, na mwisho wa kila mstari kuna kasi ambayo vifaa viwili vimekubaliana. Ukiona 480M, uko USB 2, haijalishi umelipa shilingi ngapi. 5000M na 10000M zinajieleza. Mstari huohuo unataja dereva: uas au usb-storage. Ya kwanza inairuhusu kompyuta kutuma maombi mengi kwa mkupuo; ya pili ni ya kizamani, ombi moja, jibu moja, kisha ombi linalofuata. Kwenye Mac habari hizo ziko ndani ya System Information, sehemu ya USB. Kwenye Windows njia ya mkato ni kukopi faili kubwa moja kutoka kwenye diski kwenda kwenye laptopu yenye SSD. Kasi ikiganda kwenye MB 40, hukumu imeshatoka.

Hata tundu la bluu la USB 3 linaweza kukupa MB 40. Kichwa cha USB-A cha aina hiyo kina meno manne ya zamani kwa mbele na matano mapya yaliyojificha nyuma yake. Ukikichomeka polepole, kwa adabu, yale manne yanagusa kwanza, kompyuta inaamua kwamba hiki ni kifaa cha USB 2, na mara nyingi hairudi kuuliza. Chomoa, kisha chomeka kwa mkono mmoja thabiti. Nimeona diski nzima zikirudishwa dukani kwa kosa hilo tu.

Kuna diski zinazotangaza MB 2,000, kama Samsung T9 ya mwaka 2023. Hizo zinahitaji tundu la gigabiti 20 la aina inayoitwa Gen 2x2, ambalo laptopu nyingi hazina, na Mac nyingi nazo hazina. Ukiichomeka kwenye gigabiti 10 inakuwa diski ya MB 1,000 yenye bei ya MB 2,000. Kwa wasomaji wengi wa kitabu hiki, fedha hiyo ingenunua diski ya pili ya kuhifadhia nakala, na ningewashauri wafanye hivyo.

Njia ikishathibitika, watu hufungua CrystalDiskMark. Ni programu ya bure ya Mjapani anayejulikana kwa jina la ‘hiyohiyo’, na picha za skrini yake, mistari minne ya namba za kusoma na kuandika, ndizo zinazobandikwa kila mahali watu wanapouziana diski. Programu yenyewe ni ya uaminifu. Shida ni mazoea ya kubonyeza kitufe cha kwanza bila kugusa mipangilio. Ukiiacha ilivyo, inaandika faili la GB 1, inarudia mara tano, basi. GB 1 kwa diski ya TB 1 ni sawa na kutotaka kujua.

Mstari wa juu kabisa ni wa data ya mfululizo, vipande vya MB 1 vinavyofuatana, maombi manane yakisubiri foleni. Huo ndio ulioandikwa kwenye boksi. Mstari wa chini kabisa, RND4K Q1T1, ni wa vipande vya KB 4 vilivyotawanyika, kimoja baada ya kingine. Hapo diski ileile ya MB 1,050 inaweza kuonyesha MB 20, 30, ikijitahidi sana 40. Mnunuzi hushtuka akidhani diski imeharibika. Haijaharibika, kila ombi dogo linapaswa kupita kwenye waya, kwenye chipu inayotafsiri USB, kwenye kontrola inayoiongoza diski, kisha jibu lirudi njia hiyohiyo, na muda mwingi unaishia safarini. Mstari huo wa chini ndio unaobashiri itakuwaje siku utakapokopi folda ya picha za WhatsApp za miaka mitano. Makumi ya maelfu ya faili ndogo, na kila moja inataka kufunguliwa, kuandikwa, kusajiliwa kwenye jedwali la diski na kufungwa, huku programu ya kuzuia virusi ikitaka kuichungulia kwanza. Folda ya GB 20 ya namna hiyo inaweza kuchukua muda mrefu kuliko GB 200 za video. Ukizifunga picha zote ndani ya faili moja la zip hukohuko kwenye laptopu, ndipo ulihamishe, unamwondolea mstari wa chini mamlaka na kumrudishia wa juu.

Sasa tufike kwenye kiini. Mwaka 1987, Fujio Masuoka na wenzake wa Toshiba walipoitambulisha kumbukumbu ya NAND, seli moja ilibeba biti moja: ina chaji au haina. Hali mbili tu, kuzitofautisha ni rahisi na kuziandika ni haraka. Tangu hapo bei imeshushwa kwa kubebesha seli ileile mzigo zaidi. TLC hubeba biti tatu, maana yake seli inapaswa kushika kimoja kati ya viwango 8 vya chaji. QLC hubeba biti nne, viwango 16. Kadiri viwango vinavyobanana ndivyo kontrola inavyolazimika kuongeza chaji kidogokidogo, ipime, iongeze tena, mpaka ifike panapotakiwa bila kupitiliza. Kusoma hakuathiriki sana. Kuandika kunaathirika mno.

Watengenezaji walipata ujanja ambao kwa kweli ni mzuri. Sehemu ya seli zilezile za TLC au QLC hutumiwa kwa muda kama za biti moja, ziandikwe upesi, na baadaye diski ikipumzika kontrola huihamishia data mahali pake pa kudumu. Ni kama mwenye duka la jumla anayeshusha magunia barazani ili lori liondoke, vijana watayaingiza stoo baadaye. Baraza likijaa na lori bado lina mzigo, kila gunia sasa linasubiri mtu wa kulipeleka stoo moja kwa moja, na wakati huohuo wale vijana wanatakiwa kulisafisha baraza.

Baraza hilo ndiyo kache. Ukubwa wake mara nyingi hauandikwi popote. Kwenye baadhi ya diski ni makumi machache ya GB yasiyobadilika. Kwenye nyingine kontrola hutumia nafasi yote iliyo wazi. Kwa kuwa seli ya TLC iliyotumiwa kwa biti moja hubeba theluthi tu ya uwezo wake, diski tupu ya TB 1 ya aina ya pili inaweza kwa nadharia kupokea kama GB 330 kwa mbio, na ya QLC GB 250. Diski hiyohiyo ikiwa imejaa robo tatu, kache inasinyaa pamoja na nafasi. Ndiyo maana diski ileile iliyokuwa hodari mwezi wa kwanza inaanza kulalamikiwa mwezi wa sita, na ndiyo maana mtu mwenye haraka asiijaze SSD yake zaidi ya robo tatu.

Baada ya kache kwisha, diski nzuri ya TLC hushuka mpaka mamia kadhaa ya MB kwa sekunde na kutulia hapo. Diski dhaifu ya QLC inaweza kuanguka chini ya MB 100, yaani nyuma ya ekstano ya zamani yenye sahani inayozunguka. Rudi kwenye GB 300 za harusi. Tuseme kache ni GB 100 kwa MB 1,000, na zilizobaki zinakwenda kwa MB 80: sekunde 100, kisha sekunde 2,500. Hizo ndizo dakika 43 za mwanzo wa sura. Diski ya TLC yenye kache ndogo zaidi, GB 50, lakini inayotulia kwenye MB 300, inamaliza kazi nzima kwa dakika 15. Kwa CrystalDiskMark ya GB 1 diski hizi mbili ni mapacha.

Si kwamba QLC ni ya kutupwa. Kibanda cha kuuza muvi kinachoandika mara moja na kusoma mwaka mzima hakitaona tofauti. Flashi za wateja zitakuwa zimeshakuwa kikwazo muda mrefu kabla ya diski. Samsung T5 EVO ya mwaka 2023 ni QLC, ipo hadi ya TB 8, na boksi lake linatangaza MB 460 tu. Naiheshimu kwa kutojipandisha.

Kipimo chenyewe ni rahisi kuliko maelezo yake. Tafuta folda ya video yenye ukubwa wa kazi yako kubwa kabisa, iweke kwenye SSD ya ndani ya kompyuta, iburute kwenda kwenye diski ya nje, ubonyeze maelezo zaidi kwenye dirisha la Windows la kukopi. Ule mchoro wa kijani utakueleza yote: uwanda wa juu, ngazi ya kushuka, uwanda wa chini. Andika namba tatu: GB ngapi zilikuwa zimepita ngazi ilipofika, kasi ya uwanda wa chini, na muda wote. Kisha rudia diski ikiwa imejaa nusu. Mtu anayerekodi moja kwa moja kwenye diski aangalie uwanda wa chini peke yake. Video ya ProRes 422 HQ ya 4K kwa fremu 30 inatiririka kwa kama MB 110 kwa sekunde, na kamera haina mahali pa kusubiri. Diski ikishuka chini ya hapo kwa muda, rekodi inakatika. Apple, kwa ajili ya iPhone 15 Pro, wanataka diski inayoweza angalau MB 220 kwa sekunde na isiyovuta umeme zaidi ya wati 4.5. Hapo ndipo utaona namba ya chini ikitajwa badala ya ya juu.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni RAM. Kompyuta hupenda kujifanya imeandika kumbe imeshika mkononi. Kwenye Linux mstari wa kukopi unafika asilimia 100 upesi, halafu unakaa hapo dakika kadhaa huku taa ya diski ikipepesa. Ukisoma faili uliloliandika sasa hivi, linatoka kwenye RAM, na unaweza kuambiwa diski inasoma MB 3,000 kwa sekunde kupitia waya wa gigabiti 10, jambo lisilowezekana. Kipimo chochote kinachopita dari ya waya kitupe. Wa pili ni sifuri. Amri ya dd inayonakili kutoka /dev/zero imezoeleka sana, lakini kontrola za baadhi ya SSD, zile za SandForce zikiwa maarufu kwa hilo, zilibana data kabla ya kuiandika, na mfululizo wa sifuri unabanika mpaka unakaribia kuwa si kitu. Video ya harusi haibaniki hivyo. Anayetaka kwenda mbali zaidi kwenye Linux atumie fio ya Jens Axboe, mtu yuleyule anayesimamia sehemu ya diski ndani ya Linux, yenye uwezo wa kuandika data ya kubahatisha na kuruka RAM kabisa.

Lakini kwa diski iliyotoka dukani pasipo jina linaloeleweka, kasi si swali la kwanza. Swali la kwanza ni kama diski ipo. Kwenye mitandao ya kuuza bidhaa, na kwenye meza za barabarani, utakuta SSD ya nje ya TB 16 kwa bei ya mlo wa watu wawili. Diski nyingi za mfukoni za kampuni zinazojulikana zimeishia kwenye TB 8, na hizo ni ghali. Ukifungua ganda la ile ya mezani, mara nyingi utakuta kibao kidogo cha USB 2 na kadi ya simu ya GB 32 au 64 iliyochomekwa ndani, pengine na kipande cha chuma kuongeza uzito. Programu ya kontrola imechezewa iseme TB 16. Unakopi, inakubali. Majina ya mafaili yanaonekana, kwa sababu jedwali la majina liko mwanzo kabisa wa diski, sehemu ambayo ipo kweli. Mpaka ufungue video yenyewe, iliyokuwa iandikwe mahali pasipokuwepo.

Dawa ni kuijaza diski na kuisoma yote. H2testw, iliyotengenezwa na Harald Bögeholz wa jarida la Ujerumani la c't, hufanya hivyo kwenye Windows. F3 ya Michel Machado hufanya vilevile kwenye Linux na Mac. f3write inaandika mafaili ya GB 1, 1.h2w, 2.h2w, 3.h2w, moja baada ya jingine mpaka nafasi iishe, huku ikionyesha kasi. f3read inayasoma yote na kuhitimisha kwa mistari michache: data iliyo salama kiasi gani, iliyopotea kiasi gani, na katika iliyopotea ipi imeharibika na ipi imefunikwa na nyingine. Mstari wa data iliyopotea usiposoma sifuri, rudisha mzigo siku hiyohiyo.

Napenda F3 kwa sababu inajibu maswali mawili kwa jasho moja. Kuijaza diski halisi ya TB 1 ndiko kuipima baada ya kache, kwa uzito ambao hakuna programu ya mistari minne inayoufikia. Kwa ile ya bandia ya TB 16 mambo ni tofauti: kwa MB 40 kwa sekunde, kujaza TB 16 ni zaidi ya siku nne na nusu, na muuzaji anajua kwamba hakuna mteja wa kusubiri. Ndiyo kazi ya f3probe, na ya ValiDrive ya Steve Gibson kwenye Windows: zinaonja sehemu mbalimbali za diski na kutoa jibu mapema. Angalizo, f3probe inaweza kufuta kilichomo; itumie kwenye diski tupu.

Nirudi kwa mpiga video, maana kuna kitu nilimfichia. Nilisema video ziko kwenye laptopu. Kama bado ziko kwenye kadi za kamera, na kadi inasomwa kwa MB 90 kwa sekunde, GB 300 zitachukua dakika 55 hata ukimletea SSD ya mfalme. Fedha yake ingefanya kazi zaidi kwenye kadi bora na kisomeo cha USB 3. Laptopu ya zamani yenye diski ya kuzunguka nayo haitoi zaidi ya MB 100 na kidogo. Kila kipimo kina pande mbili, na programu huonyesha namba ya upande ulio goigoi bila kuutaja jina.

Joto linastahili mistari michache. Kontrola inapokaribia nyuzi 70 hivi hujipunguzia kasi ili isiungue, na vipimo vingi unavyovisoma vilifanyiwa kwenye vyumba vya nyuzi 22. Februari ya Dar es Salaam, ndani ya gari au kwenye hema la harusi, ni jambo jingine. Ganda la aluminiamu lina kazi pale. Usiiweke diski juu ya kitambaa wala chini ya laptopu wakati inaandika. CrystalDiskInfo, ya ‘hiyohiyo’ huyohuyo, huonyesha joto la diski nyingi za USB.

Umeme nao. Windows, tangu toleo la mwishoni mwa 2018, imeweka diski za nje kwenye hali ya kuchomolewa haraka, yaani haishikilii data mkononi, ikitoa kafara kasi kidogo ya faili ndogo. Kuna wanaofundisha kuibadilisha hali hiyo ili namba zipendeze. Kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri, katika mtaa ambao umeme hukatika, sioni busara yake. exFAT, ambayo diski nyingi za nje hutoka nayo kiwandani ili zisomeke na Windows na Mac, haina daftari la kurejesha kilichokatizwa katikati. Kasi ya asilimia kumi si fidia ya folda iliyovurugika.

Baada ya yote haya, matokeo yako ni ya diski uliyoishika, si ya jina lake. Mwaka 2021 waandishi wa mambo ya kompyuta walionyesha kwamba Crucial P2, SSD ya ndani iliyokuwa imeanza kuuzwa ikiwa na TLC, ilikuwa ikitoka kiwandani na QLC kwa jina lilelile. Mwaka huohuo WD SN550 ilikutwa imebadilishiwa chipu, ikawa dhaifu zaidi baada ya kache. Maoni mazuri yaliyoandikwa kuhusu toleo la kwanza yaliendelea kuwauzia watu toleo la pili. Rafiki yako aliyenunua mwaka juzi anaweza kuwa anakusifia kitu ambacho hakipo tena.

Na kuna kipimo kimoja kinachofanyika polepole kuliko vyote. Chaji iliyo ndani ya seli huvuja diski ikikaa bila umeme, na joto huharakisha uvujaji. Kiwango cha JEDEC, chombo cha viwango vya chipu, kwa SSD za watu wa kawaida kinadai kwamba diski iliyokwisha kutumika mpaka ukomo wake wa kuandikwa iweze bado kushika data mwaka mmoja bila umeme, ikiwa kwenye nyuzi 30. Diski changa hushika zaidi ya hapo. Lakini kabati la Mombasa au Tanga halikai kwenye nyuzi 30 mwaka mzima. Kwa hiyo siku ya kuhifadhi harusi, tengeneza orodha ya alama za utambulisho za SHA-256 za mafaili yote. Kwenye Linux ni amri ya sha256sum, na kwenye Windows certutil inafanya kazi hiyo. Orodha yenyewe ni KB chache. Iweke kwenye diski na ujitumie kwa barua pepe. Mara moja au mbili kwa mwaka chomeka diski, isome yote, linganisha alama, na uandike kasi ya kusoma pembeni. Faili la zamani likianza kusomeka taratibu kuliko la jana, kontrola inahangaika kurekebisha makosa, na huo ni wakati wa kuihamishia harusi ile kwenye diski nyingine.